Tangazo la akili mnemba halileti wateja: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Akili mnemba haijui kama unataka wateja. Inachojua ni namba uliyoiambia iifukuzie, na itaifukuzia kwa nguvu zote hata kama namba hiyo haihusiani kabisa na pesa inayoingia. Ndiyo maana malalamiko mengi ya "picha mbaya" au "maandishi hayavutii" ukiyachimba unakuta chanzo kiko kwingine: kwenye tukio linalopimwa (mfano kubofya au kununua), kwenye uchache wa data, au kwenye ukurasa anaofikia mtu baada ya kubofya. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Hata kama una haraka, usiruke sehemu ya kwanza, kwani ndiyo itakayokuelekeza pa kwenda.

## Anza na hesabu, picha baadaye

Gharama ya kumpata mteja mmoja inatokana na vitu vitatu: gharama ya maonyesho 1,000 (yaani tangazo kuonekana mara 1,000), kiwango cha kubofya, na kiwango cha wanaonunua baada ya kubofya.

Gharama ya mteja = gharama ya maonyesho 1,000 ÷ (1,000 × kiwango cha kubofya × kiwango cha kununua)

Tuseme maonyesho 1,000 yanagharimu dola 4, wanaobofya ni 1%, na kati ya waliobofya wanaonunua ni 2%. Mteja mmoja anakugharimu dola 20. Sasa akili mnemba ikutengenezee tangazo linalobofywa maradufu, yaani 2%, lakini kiwango cha kununua kishuke hadi 0.8%. Mteja yuleyule sasa ni dola 25. Dashibodi inaonyesha mshale wa kijani kwenye kubofya, na biashara inatoa dola 5 zaidi kwa kila mteja.

Chukua namba hizo tatu za siku 14 zilizopita, uziweke kando ya zile za siku 14 za kabla yake, kisha tazama ipi imehama.

- Gharama ya maonyesho imepanda, nyingine zimetulia: tatizo liko kwenye mnada, yaani pale watangazaji wanaposhindania nafasi ya kuonekana. Washindani wameongezeka, au umebana walengwa kupita kiasi. Picha mpya haitasaidia.
- Kubofya kumeshuka: hapa ndipo tangazo lenyewe linahusika.
- Kununua kumeshuka huku kubofya kumebaki palepale au kumepanda: angalia ahadi ya tangazo, ukurasa, na aina ya watu wanaoletwa.
- Zote zimetulia ila mauzo ya dashibodi hayalingani na daftari la oda: kipimo kimeharibika, na kila kinachojifunzwa na mfumo ni cha uongo hadi ukitengeneze.

Kwa video ongeza vipimo viwili: waliofika sekunde 3 ukigawanya kwa maonyesho, na waliotazama sekunde 15 au hadi mwisho ukigawanya kwa maonyesho (kwa Meta, yenye Facebook na Instagram, hiki cha pili kinaitwa ThruPlay). Cha kwanza kikiwa chini, shida iko kwenye mwanzo wa video. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibovu, mwanzo uliahidi kitu ambacho katikati hakikuja.

## Wanabofya wengi, hawanunui

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na vyanzo vyake ni vingi. Vikague kwa mpangilio huu, maana cha juu kikiwa kibovu, kurekebisha cha chini ni kazi bure.

Lengo la kampeni. Kampeni ikielekezwa kwenye mibofyo, algoriti itatafuta watu wenye mazoea ya kubofya. Hao mara nyingi si wanunuzi. Badili lengo liwe ununuzi. Kama manunuzi ni machache mno kuufundisha mfumo, rudi hatua moja nyuma: kuanza kulipia, kisha kuweka bidhaa kwenye kikapu. Usirudi hadi kwenye kufungua ukurasa, kwa sababu hilo linakurudisha kwa wabofyaji walewale.

Kipimo kinachohesabu mara mbili. Kama unatuma matukio kwa Meta kupitia Pixel (msimbo wake wa kufuatilia) kwenye kivinjari na pia kupitia Conversions API (njia yake ya kupokea matukio) kutoka kwenye seva, kila tukio lazima liwe na jina moja na `event_id` moja, yaani kitambulisho kimoja, pande zote mbili. Lisipokuwa nayo, ununuzi mmoja unahesabiwa kuwa miwili. Jaribu hivi: fungua ukurasa wa kujaribu matukio kwenye akaunti yako, nunua kitu kimoja kwa kutumia simu, uone kama tukio la seva na la kivinjari yameunganishwa au yamekaa kama mawili. Kisha rudia kufungua ukurasa wa "asante kwa kununua". Ununuzi ukihesabiwa upya, tumia namba ya oda kama kitambulisho cha tukio ili marudio yatupwe.

Kumbuka pia kwamba, kwa mpangilio wake wa kawaida, Meta hujihesabia mauzo yaliyotokea ndani ya siku 7 baada ya kubofya au siku 1 baada ya kuona tu. Google nayo inahesabu kwa kanuni zake. Mauzo mamoja yanaweza kudaiwa na wote wawili, kwa hiyo ukijumlisha dashibodi utapata mauzo zaidi ya uliyofanya. Upande mwingine, tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, programu za iPhone hulazimika kumwomba mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia nje ya programu, na wanaokataa huacha pengo. Hukumu ya mwisho iwe ya daftari la oda.

Ahadi isiyopatikana ukurasani. Modeli za lugha, yaani akili mnemba zinazoandika, hupenda kukoleza. Ukurasa unasema bidhaa moja ina punguzo la 50%, tangazo linasema "Punguzo hadi 50% kwa kila kitu". Mtu anabofya, hakuti alichoahidiwa, anaondoka. Dawa yake ni kuipa modeli maandishi ya ukurasa wenyewe kama chanzo pekee, na kuidai iandike kila dai la tangazo pamoja na sentensi ya ukurasa inayolithibitisha. Dai lisilo na sentensi, futa. Usilipunguze makali, lifute.

Ukurasa mzito. Linganisha mibofyo ya kiungo na idadi ya mara ukurasa ulipofunguka kweli. Mibofyo 100 ikizaa kurasa 60 zilizofunguka, watu 40 wamekata tamaa wakisubiri. Kiwango ambacho Google inakihesabu kuwa kizuri ni kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Picha za akili mnemba huchangia sana hapa: hutoka kama PNG kubwa na watu huzipandisha hivyohivyo. Zigeuze ziwe WebP au JPEG na uzipunguze hadi upana unaohitajika.

Mahali tangazo linapoonekana. Gawanya ripoti kwa sehemu za kuonekana. Ukikuta mibofyo mingi inatoka kwenye programu za michezo na hakuna hata oda moja, hivyo ni vidole vilivyoteleza. Zitoe sehemu hizo.

## "Mshindi" amepatikana siku ya pili

Mifumo inayogawa bajeti kati ya matoleo hufanya kazi mbili kwa pamoja, kujaribu na kutumia. Toleo lililopata mauzo 3 siku ya kwanza linaongezewa bajeti, lililopata 1 linanyimwa. Tofauti ya 3 na 1 inaweza kuwa bahati tupu, lakini lililonyimwa halipati tena nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Kwa mfumo huo ni biashara nzuri kwa jumla. Kwako wewe unayetaka kujua nini kinafanya kazi, ni ushahidi mbovu.

Kuna hesabu ya haraka ya kujua unahitaji data kiasi gani. Kwa uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti iliyopo kweli, na hatari ya 5% ya kudanganyika, kila upande unahitaji takriban:

16 × p × (1 − p) ÷ d²

Hapo p ni kiwango chako cha sasa na d ni tofauti unayotaka kuiona. Wanaonunua wakiwa 2% na ukitaka kugundua kupanda hadi 2.5%, unapata 16 × 0.02 × 0.98 ÷ 0.005², yaani mibofyo kama 12,500 kwa kila toleo. Ukiwa na mibofyo 300 kwa kila toleo, kitu pekee unachoweza kukitambua kwa uhakika huo ni kuruka kutoka 2% hadi zaidi ya 5%. Hiyo haitokei kwa kubadili rangi ya kitufe.

Halafu kuna wingi wa matoleo. Ukifanya milinganisho 20 iliyo huru kati ya vitu ambavyo kwa kweli havitofautiani, kila mmoja ukiwa na hatari ya 5%, uwezekano wa kupata angalau "mshindi" mmoja wa uongo ni 64%. Akili mnemba imefanya matoleo 20 kuwa kazi ya dakika 10, kwa hiyo washindi wa uongo wamekuwa wengi kuliko zamani. Na mchanganyiko wa vipande unazidisha shida: picha 10, maandishi 5 na vichwa 5 vinazaa michanganyiko 250. Mauzo 50 ukiyagawa humo, kila mchanganyiko unabaki na moja ya tano ya mauzo. Usisome chochote kwenye jedwali la namna hiyo zaidi ya kuona kipande ambacho hakipewi maonyesho kabisa.

Mtego mwingine hauonekani kirahisi. Algoriti haionyeshi matoleo yako kwa watu wa aina moja. Inatazama picha na maandishi, inakisia nani atavutiwa, na kupeleka kila toleo kwa watu wake. Hata kwenye jaribio rasmi la A/B la jukwaa, yaani la kulinganisha matoleo, watu hugawanywa makundi kwa bahati nasibu, lakini ndani ya kila kundi algoriti bado ndiyo inayochagua nani aone. Kwa hiyo toleo A likilishinda B, unaruhusiwa kusema "A linanilipa zaidi kwenye jukwaa hili". Huruhusiwi kusema "wateja wanapenda picha ya mtu kuliko picha ya bidhaa", kwa sababu huenda wateja walioonyeshwa hawakuwa walewale. Sheria nyingi zinazoandikwa kwenye miongozo ya chapa zimezaliwa kwa kosa hili.

Fanya hivi:

1. Jaribu mawazo 3 au 4 yaliyo mbali na mbali, si rangi 20 za wazo moja.
2. Kila wazo lipate bajeti yake, kupitia zana ya A/B ya jukwaa, ili lisinyimwe mapema.
3. Andika sharti la kusimamisha kabla hujaanza: siku 7 kamili kwa uchache, kwani Jumatatu na Jumamosi hazinunui sawa, pamoja na idadi ya matukio uliyoipata kwa hesabu ya juu.
4. Kama mauzo hayatoshi, pima tukio la hatua moja nyuma, ila toleo lililoshinda huko likaguliwe tena kwa mauzo kabla ya kupewa bajeti yote.
5. Mshindi apambane mara ya pili na tangazo lililokuwepo. Wengi huanguka hapo.

## Kipindi cha kujifunza hakiishi

Kwa Meta, seti ya matangazo inahitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku 7 tangu badiliko kubwa la mwisho ili itulie. Kubadili picha, maandishi, walengwa au lengo kunaanzisha hesabu upya, na kuisimamisha seti kwa siku 7 au zaidi vilevile. Anayetengeneza matoleo mapya kwa akili mnemba kila asubuhi na kuyaingiza kwenye seti ileile anaurudisha mfumo darasa la kwanza kila siku.

Piga hesabu ya bajeti: gharama ya tokeo moja × 50 ÷ 7. Tokeo likiwa dola 20, seti moja inahitaji dola 143 hivi kwa siku. Ukiwa na dola 30 kwa siku utapata matokeo kama 10 kwa wiki, na hakuna ubunifu utakaoliziba pengo hilo. Unganisha seti ziwe chache, au pima tukio la hatua moja nyuma, na matoleo mapya yakusanye uyaingize kwa pamoja mara moja kwa wiki kwenye seti ya majaribio iliyo peke yake.

## Bidhaa iliyoko kwenye picha siyo unayouza

Kiatu chenye matundu 6 ya kamba kinatoka na 7. Lebo ya chupa ina herufi zinazofanana na herufi lakini hakuna neno. Mshono wa begi umehama sentimita mbili. Mtazamaji wa kawaida haoni, ila aliyenunua anaona siku begi linapofika, na bidhaa inarudishwa.

Chanzo ni kwamba modeli ya picha haibebi bidhaa yako kutoka kwenye picha moja hadi nyingine. Inachora upya kila nukta kutoka kwenye vurugu ya rangi, na kwake tundu la saba la kamba ni jambo dogo. Hata ukiipa picha ya mfano, inachukua sura ya jumla na kujaza mengine. Basi usiiruhusu ichore bidhaa hata kidogo.

1. Piga picha halisi ya bidhaa kwa mwanga laini wa upande mmoja unaoujua. Ondoa mandhari, hifadhi kama PNG yenye uwazi.
2. Tengeneza mandhari pekee kwa akili mnemba, ikiwa na nafasi tupu ya kuweka bidhaa. Kwenye maelekezo taja mwanga unatoka upande gani na kamera iko kimo gani, vilingane na picha ya bidhaa. Mwanga usiolingana ndio unaofanya picha ionekane ya kubandika, kuliko kasoro nyingine yoyote.
3. Unganisha kwa tabaka kwenye Photoshop au programu nyingine ya picha. Kivuli kiwe na tabaka lake.
4. Kama ukingo unaonekana mkali, ruhusu modeli ipake upya ukingo na kivuli tu, kwa kufunika sehemu ya bidhaa isiguswe. Kwenye zana zenye kipimo cha nguvu ya kupaka upya kutoka 0 hadi 1, anza na 0.2 hadi 0.4. Ukivuka 0.6, tarajia maumbo kuanza kubadilika.
5. Herufi, bei na nembo viwekwe kwa mkono mwishoni. Kamwe visichorwe na modeli.

Kagua kwa ukubwa wa 100%: mikono, macho, maandishi ya nyuma, idadi ya vitu. Kisha ipunguze hadi upana wa simu na uitazame tena. Hifadhi kwa rangi za sRGB, ambazo ni za skrini. Faili la CMYK lililotayarishwa kwa uchapishaji hutoka na rangi zilizogeuka.

Ukubwa nao huleta kasoro zake. Watu hutengeneza picha ya mraba kisha kuiambia akili mnemba iirefushe iwe 1080 × 1920, na hapo ndipo bidhaa ya pili isiyo na kichwa huota sakafuni. Tunga wima tangu mwanzo, halafu kata kupata 1080 × 1350 na 1080 × 1080. Kwa Reels, zile video fupi za wima za Meta, acha wazi 14% ya juu, 35% ya chini na 6% kila upande. Kwenye urefu wa 1920 hiyo ni pikseli 269 juu na 672 chini. Bei ukiiweka chini ya hapo, itafunikwa na jina la akaunti na vitufe.

## Maandishi yamenyooka lakini hakuna anayeongea hivyo

Modeli nyingi zimesoma Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili, na inaonekana. Utapata "viatu bora zinazodumu" badala ya "vinavyodumu". Utapata "Inua mtindo wako leo", sentensi isiyo na kosa la sarufi na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitamka akinunua nguo. Kuandika tangazo kwa Kiingereza kisha kuagiza tafsiri kunaongeza ubovu huu.

Ipe modeli jumbe 15 hadi 20 halisi za wateja kwa Kiswahili chao, baada ya kufuta majina na namba za simu. Iambie itumie maneno yaliyomo humo kueleza tatizo la mteja, na iandike moja kwa moja kwa Kiswahili. Omba matoleo 10, yasome kwa sauti, bakiza yale ambayo ungeweza kumtumia mteja kwenye WhatsApp bila kuona aibu. Kwa kawaida hubaki mawili au matatu, na hayo yanatosha.

Urefu ni shida ya peke yake. Tangazo la utafutaji la Google linapokea vichwa hadi 15 vya herufi 30 na maelezo hadi 4 ya herufi 90, kisha linaonyesha vichwa visivyozidi 3 na maelezo 2 kwa wakati mmoja. Modeli husoma maneno kwa vipande na haioni herufi moja moja, kwa hiyo ikikuambia "herufi 30 kamili" usiiamini. "Nunua Sasa Uletewe Hadi Nyumbani" ni herufi 32 ukihesabu nafasi, na kinakataliwa. "Nunua Leo, Uletewe Nyumbani" ni 27. Weka vichwa vyote kwenye safu ya kwanza ya Excel, andika =LEN(A2) kando yake, na chochote kinachozidi kirudi kuandikwa.

Kila kichwa kisimame chenyewe. Google inavipanga itakavyo, na kichwa kama "Na Kwa Bei Nafuu Pia" kikitokea cha kwanza kinaonekana kimekatwa kichwa. Ukilazimika kubandika kichwa mahali maalumu, bandika 2 au 3 kwenye nafasi ileile ili mzunguko uendelee. Ukibandika kimoja kimoja kila nafasi umerudi kwenye tangazo moja lisilobadilika. Na kile kipimo cha nguvu ya tangazo kinachoanzia duni hadi bora kabisa hakiingii kwenye mnada. Usiharibu ujumbe unaouza ili tu kipimo kigeuke kijani.

## Matoleo 40, sura moja

Ukibadilisha vivumishi ndani ya maelekezo yaleyale, utapata tangazo moja lenye nguo 40. Yote yanawagusa watu walewale na kuchoka siku moja. Utofauti unaofaa unatoka kwenye sababu ya kununua. Kusanya maswali yanayoulizwa kabla ya kununua, sababu za kurudisha bidhaa, na malalamiko. Iagize akili mnemba iyapange kwa makundi na ihesabu kila kundi lina jumbe ngapi. Hapo modeli inasaidia kweli, kuliko hata inapoandika. Kila kundi kubwa liwe tangazo lake, kwa umbo tofauti: swali na jibu, onyesho la matumizi, ulinganisho, maelezo ya bei.

Taja faili kwa mpangilio usiobadilika, mfano `bei_video_swali_t2`, yaani sababu, umbo, mwanzo, toleo. Baada ya miezi michache hilo ndilo litakalokuwezesha kuuliza "matangazo ya sababu ya bei yamelipaje?" na kupata jibu.

## Alama ya utabiri ni 90, mauzo hakuna

Zana zinazotoa alama kabla ya kurusha tangazo zimejifunza kwa matangazo ya wengine, na nyingi hutabiri macho yatatua wapi au nani atabofya. Ununuzi ni kitu kingine. Ipime zana kabla ya kuitii: chukua matangazo yako 30 ya zamani yaliyopata bajeti ya kutosha, yapange kwa alama za zana ukianza na ya juu zaidi, yapange tena kwa gharama halisi ya mteja ukianza na nafuu zaidi, kisha tumia =CORREL ya Excel, inayopima jinsi safu mbili zinavyoendana, kati ya safu mbili za nafasi. Ukipata chini ya 0.3, usiitumie kuamua lipi lirushwe. Itumie kukagua tu kama nembo inaonekana na maandishi yanasomeka.

## Lilikuwa likiuza, sasa gharama inapanda

Uchovu wa tangazo una alama zake: wastani wa mara mtu mmoja analiona unapanda, kubofya kunashuka, na matangazo mapya ya akaunti hiyohiyo yako salama. Matangazo yote yakishuka kwa pamoja, mapya na ya zamani, hiyo siyo dalili ya uchovu; rudi kwenye hesabu za mwanzo.

Uchovu ukithibitika, badilisha kinachoonekana kwanza, yaani picha kuu au sekunde 3 za mwanzo. Kitufe na maneno ya chini hayaponyi kitu. Usilizime la zamani hadi jipya litulie.

## Jukwaa limebadilisha tangazo bila kukuuliza

Advantage+ ya Meta, yaani vipengele vyake vya kuboresha tangazo kiotomatiki, inaweza kurefusha picha, kuongeza muziki, kubadili mwangaza au kupanga upya maandishi. Fungua tangazo, nenda kwenye orodha ya maboresho, zima moja moja usilolitaka, na ukague tena kila unaponakili tangazo kwa sababu nakala inaweza kuja na mipangilio iliyowashwa. Kwa Performance Max, kampeni ya Google inayojiendesha kiotomatiki, usipopandisha video Google inaweza kukutungia kutokana na picha zako. Pandisha zako hata kama ni rahisi, kuanzia sekunde 10, moja ya mlalo, moja ya mraba, moja ya wima. Kagua pia kipengele kinachoruhusu mfumo kuchagua ukurasa mwingine wa tovuti yako. Ondoa kurasa za masharti, ajira na habari, la sivyo utalipia mibofyo inayoishia huko.

## Limekataliwa, au limewekewa lebo

Modeli huanza tangazo kwa kumtazama msomaji usoni: "Je, unasumbuliwa na madeni?" Meta inakataza tangazo kudokeza kwamba unaijua hali binafsi ya mtu, ikiwemo afya, fedha, dini au umri. Geuza lizungumzie huduma: "Mpango wa kulipa madeni kwa awamu". Picha za kabla na baada kwa bidhaa za kupunguza uzito nazo hukataliwa.

Ushuhuda wa mteja aliyetungwa ni kosa zito zaidi. Nchini Marekani, kanuni ya FTC (tume ya serikali ya biashara) iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza maoni na ushuhuda wa uongo, ukiwemo uliozalishwa na akili mnemba. Uso wa kuchora ukitumika, usiwekewe maneno ya mtu halisi wala jina.

Lebo ya akili mnemba hutokana na taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Zana nyingi za picha huziandika zenyewe, na zana za Google huongeza alama isiyoonekana ya SynthID. TikTok inadai maudhui ya akili mnemba yanayoonekana halisi yawekewe lebo. Usizifute taarifa hizo. Ukitaka tangazo lisilo na lebo, tumia picha iliyopigwa kwa kamera.

Tangazo likikataliwa, usilipandishe upya vilevile mara tatu nne ukitumaini litapita. Ukiukaji unaorudiwa unahesabiwa kwenye akaunti nzima na unaweza kuifunga. Soma sababu iliyotajwa, rekebisha kitu hicho kwenye tangazo na kwenye ukurasa linakoelekeza, kwa sababu vyote viwili hukaguliwa, kisha omba ukaguzi upya.